Tangazo Lililong'olewa Jumamosi

Tangazo liling'olewa Jumamosi, na aliyeling'oa alijua vizuri kwa nini amechagua Jumamosi.

Niseme kwanza lilikuwa tangazo gani. Mzee niliyekuwa namtunza alikuwa na nyumba kubwa ya bati jekundu, mtaa mmoja nyuma ya Louis Botha, ile barabara ambayo teksi zake hazijui kunyamaza. Mke wake alikuwa amefariki, watoto walihamia Australia, naye akaamua kwamba kabla hajafa nyumba ile iwe sinagogi. Hakutaka sinagogi la kuonyeshana. Alitaka ukuta kati ya sebule na chumba cha kulia uvunjwe, viti viingie, kabati la vitabu vitakatifu likae upande wa mashariki, na baadaye wakipata nguvu wajenge ukumbi kule bustanini. Lakini Johannesburg huwezi kuamka tu ukaigeuza nyumba yako kuwa nyumba ya Mungu. Kiwanja kimeandikwa ni cha kuishi; ukitaka watu wasalie humo, unaliomba jiji libadilishe matumizi yake. Na kabla jiji halijajibu, unatundika tangazo getini wiki nne mfululizo ili majirani wasome na mwenye pingamizi alilete. Tangazo likikosekana, mtu anaweza kusema hakuliona, na safari nzima inaanza upya.

Mzee hakuwa na umri wa kuanza safari upya.

Siku ya Sabato, kuanzia Ijumaa jua likizama hadi Jumamosi jioni, Myahudi anayeshika dini yake haendeshi gari wala hapandi la mwenzake. Anakwenda kusali kwa miguu. Maisha yake yote Mzee alikuwa amevuka kilima kwenda kwenye sinagogi kubwa la upande wa pili. Mwaka 2015 nilipoanza kazi kwake alikuwa bado anafika, nimemshika mkono. Mwaka uliofuata tulifika kwenye robot ya pili tu, kama wanavyoziita hapa taa za barabarani. Tuliketi kwenye ukuta wa duka la matairi, taa ikawa kijani, ikawa nyekundu, ikawa kijani tena, naye akasema, “Turudi, Mama.” Hakulia. Niliyelia ni mimi, tena kwa hasira, maana miguu ya mtu ikigoma hakuna wa kumgombeza.

Tulipofika nyumbani alinieleza. Sala nyingi mtu anaweza kuzisali peke yake, ila ipo moja ya kumkumbuka marehemu ambayo haisaliwi mpaka wawepo wanaume kumi. Wakiwa tisa, unafunga kitabu. Kila mwaka, siku aliyofariki mke wake, alipaswa kusimama kati ya watu kumi na kuisema sala ile. Mwaka huo siku ilikuja ikapita ameketi jikoni kwangu, kitabu kimefungwa mapajani. Basi alichokuwa anaomba ni hicho. Kama yeye hawezi tena kuwafuata wale kumi, wale kumi wamfuate yeye.

Kuhusu hilo neno “Mama”, nalo nililipigania. Siku ya kwanza aliniita msichana wake. Nikamwambia nina watoto watatu, nimemzika mume Bukavu, na nimevuka mipaka mingi kuliko vidole vya mkono wake. Msichana wake ni yupi? Alicheka mpaka akakohoa. Tangu hapo akaniita Mama, nami nikamwita Mzee, neno alilolipenda kwa sababu, alisema, hakuna lugha yake hata moja iliyowahi kumpa cheo kwa kuzeeka tu.

Nami nilikuwa na langu moyoni. Kanisa letu la Wakongo pale Yeoville tulisalia kwenye gereji ya zamani, na ngoma zetu na kwaya ya akina mama, mpaka majirani wakashtaki. Akaja mtu na karatasi kutuonyesha kwamba pale ni pahali pa kutengenezea magari, si pa kusalia. Mchungaji akasema tuondoke kwa amani. Tukaondoka kwa amani. Tukabeba viti vya plastiki kichwani mchana kweupe, watu wakitutazama kama tumefiwa, tukaenda kuombaomba saa za kusali kwenye ukumbi wa shule. Tangu siku ile, nikimsikia mtu anayenifukuza akitaja amani, damu inanichemka.

Sasa huyo mng'oaji. Mkabala na sisi aliishi bwana mmoja mwenye geti jeusi na mbwa wawili wakubwa. Alikuwa wa kwanza kupeleka pingamizi. Magari yatajaa mtaa mzima, aliandika, watu watapiga kelele, hatalala. Naye ni Myahudi. Hilo ndilo lililonichoma. Baba yake na Mzee walivuka kilima pamoja miaka na miaka, na yeye akiwa mtoto alikuwa akiwakimbilia mbele na kuwasubiri kwenye kona. Ukubwani aliacha yote. Jumamosi alikuwa anaosha gari lake nje, redio wazi. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mzee yeye hakumsema vibaya hata siku moja. Alisema tu, “Baba yake alikuwa na sauti nzuri sana ya kuitikia.”

Jumamosi hiyo ya kwanza nilikuwa jikoni na sufuria ya Sabato, ile ya maharage, nyama na viazi inayowekwa kwenye moto Ijumaa kabla ya jua kuzama na kuiva taratibu hadi kesho yake, kwa maana siku ile moto hauwashwi wala hauzimwi. Nikasikia sauti getini. Marafiki zake watatu, wakitoka kusali ng'ambo ya kilima, walikuwa wamepita kumsalimu kama kawaida yao. Kumsalimu tu. Dada mmoja mtaalamu wa mipango miji, ambaye ndiye aliyekuwa akiwaandalia maombi yao, alikuwa amewakataza wasije wakasalia pale kabla ya ruhusa, jirani asipate la kusema. Nilipotoka nikawakuta wote wanne wamesimama na kofia zao, mikono nyuma, macho chini. Tangazo lilikuwa kwenye majani, limekunjwa katikati, waya wake umekatwa.

“Naona tangazo limeanguka,” Mzee akasema.

“Limeanguka kweli, Mzee. Pole.”

Akanitazama. “Ingekuwa vizuri kama lingekuwa juu.”

“Ingekuwa vizuri sana,” nikasema.

Mmoja wao, daktari wa meno mstaafu mwenye ndevu nyeupe, akaiambia hewa iliyokuwa mbele yake, “Nadhani waya huwa upo kwenye droo ya jikoni.”

“Upo,” nikamjibu. “Mwingi tu.”

Nikaanza kukasirika. Wanaume wanne wazima, mmoja daktari, wanalitazama tangazo kama nyoka aliyekufa, na hakuna anayeinama kuliokota. Nikawauliza, “Kwani mnataka nilitundike?” Basi hapo ndipo walipotazama juu, wote wanne kwa pamoja, kama vile ndege imepita. Hakuna aliyesema ndiyo, hakuna aliyesema hapana. Nikadhani hawaniamini na kitu chao. Nikarudi jikoni nimenuna, nikabamiza mlango kidogo, si sana.

Nilijua kwamba Mzee siku ile hawashi taa, haandiki, hafungi fundo, hashiki simu. Nilichokuwa sijakijua ni kwamba hata kumwagiza mtu mwingine amfanyie kazi hiyo hawezi. Kinywa chake nacho kinapumzika. Lakini kule jikoni, mwiko mkononi, nikamkumbuka mama yangu. Mama hakuwahi kumwagiza babu yetu, baba mkwe wake, kitu chochote, heshima haikumruhusu. Akitaka kuni zisogezwe ndani alisimama mlangoni akasema, “Mawingu haya yametoka kisiwani Idjwi,” na babu alinyanyuka kimya akazibeba. Nilikua katika nyumba ya namna hiyo! Halafu naishi Johannesburg miaka michache tu, nasahau kusikia!

Nilicheka peke yangu kama kichaa. Nikachukua waya, nikalinyoosha tangazo kwa kanga, nikalifunga getini kwa mafundo ambayo hata mbwa wa yule bwana wasingeyang'oa, nikalipiga picha kwa simu yangu. Wale wazee tayari walikuwa wanazungumzia mvua. Hakuna aliyeniambia asante.

Jumapili asubuhi Mzee akaleta kikombe chake mwenyewe jikoni, jambo la nadra. “Jana kuna mtu alifanya jambo zuri sana,” akasema.

“Mtu gani huyo?”

“Sikumwona. Nilikuwa natazama ndege.”

Baada ya ibada siku hiyo nilipita sokoni Yeoville kwa dada mmoja wa kwetu anayeuza sombe, yaani kisamvu, na samaki wakavu. Nilipomsimulia, akaweka kisu chini.

“Eish, dada! Uko unapigania kanisa ya wazungu? Yetu ilifungwa, nani alikuja kutupigania?”

“Hakuna.”

“Bon. Acha na wao wasikie namna inaumaka.”

“Wakisikia, sisi tutapata nini? Gereji itarudi?”

“Haitarudi.”

“Basi mimi nimechoka kuona mlango wa Mungu unafungwa. Wa yeyote.”

Akanipimia sombe akiguna. “Utafukuzwa kazi, weye. Mwenye nguvu mpishe.” Nilimwambia nimekwisha kupisha vya kutosha, kuanzia Bukavu mpaka hapa, na mgongo wangu sasa umefika ukutani. Aliniongezea sombe kidogo.

Jumamosi iliyofuata nilitoa stuli na beseni la viazi, nikaketi getini chini ya tangazo, nikaanza kumenya. Viazi vya siku nyingine. Sikuwa na haja navyo, nilikuwa na haja na kisu mkononi na sababu ya kukaa. Haukupita muda yule bwana akatoka na mbwa wake na mkasi mkubwa wa kukatia miti. Upande wetu wa barabara hauna mti hata mmoja. Akafika katikati ya lami, akaniona, akasimama.

“Unafanya nini hapo?”

“Namenya viazi.”

“Barabarani?”

“Hapa pana mwanga.”

Akasogea. Alikuwa na uso wa mtu aliyezoea kusikilizwa. “Haya mambo hayakuhusu,” akasema. “Wewe si mmoja wao. Wewe si hata wa hapa.”

Nimeambiwa maneno hayo na wengi, wengine wakiwa na mawe mkononi. Kwetu tunasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na jembe la mji huu nilikuwa nimelishika miaka. Nimewaogesha wazee wake, nimewalisha, nimewafumba macho wawili walipokata roho. Nikasimama, viazi vikaanguka.

“Kweli mimi si wa hapa,” nikamwambia. “Ndiyo maana sina pengine pa kwenda leo. Wewe nenda, rudi, kula, lala. Ukitoka tena utanikuta.”

Mbwa mmoja alikuja kunusa kiazi. Bwana alimvuta, akarudi kwake na mkasi wake. Jumamosi zote zilizobaki nilikaa pale, na tangazo likakaa.

Siku ya kusikilizwa pingamizi tulikwenda Braamfontein, kwenye ofisi za jiji, Jumatano, Mzee akiwa amevaa suti aliyomzikia mke wake. Ukumbi ulikuwa na zulia la bluu na majagi ya maji. Mwenyekiti wa baraza alikuwa mama wa makamo, miwani kwenye pua, mpole lakini haburuzwi. Dada yule wa mipango miji akaeleza vizuri kwamba watu hawa siku yao kubwa hutembea, kwa hiyo magari si hoja. Akatoa picha za tangazo likiwa getini, siku baada ya siku.

Wakili wa yule bwana akasimama akitabasamu. Alisema watu hawa, kwa dini yao wenyewe, hawagusi simu wala waya siku ya Jumamosi. Basi picha za Jumamosi zimetoka wapi? Ama si za kweli, au hawaishiki hiyo Sabato yao wanavyodai, na kama hawaishiki, kesho watakuja na magari.

Nikaona damu imemtoka Mzee usoni. Dada wa mipango akaanza kupekua makaratasi. Mimi nilikuwa nimeambiwa nikae nyuma nishike mkoba wa dawa. Nikasimama.

“Nimezipiga mimi,” nikasema. “Na mtundikaji ni mimi.”

Mwenyekiti akaniuliza kwa upole kama nahitaji mkalimani. Nikamwambia hasira yangu haihitaji mkalimani. Watu wakacheka, yeye akatabasamu kidogo, halafu akauliza swali lililokuwa na mwiba ndani yake: “Nani alikuagiza, mama?”

Nikamtazama Mzee. Alikuwa anatazama dari.

“Hakuna aliyeniagiza.”

“Hakuna hata mmoja?”

“Nitaapa kwa kitabu chochote mtakachonipa. Hakuna.”

“Basi kwa nini ulilitundika?”

“Kwa sababu lilikuwa chini.”

Wakili akasema mimi ni mfanyakazi wa ndani na si sehemu ya maombi yale. Mwenyekiti akaniambia asante, niketi. Nikamwambia, “Nitaketi nikimaliza, mama yangu, unisamehe.” Nikawaambia habari ya gereji yetu na viti vichwani. Nikawaambia habari ya ukuta wa duka la matairi na ile robot. “Mnauliza magari yatakaa wapi,” nikasema. “Huyu mzee ameng'ang'ania kutembea mpaka miguu ikamshinda, na hata hapo hakupanda gari. Njooni Jumamosi tukae wote ukutani tuhesabu magari yake. Mtalala usingizi.” Nikaketi. Dada wa mipango alikuwa ameacha kupekua.

Ruhusa ilikuja baada ya majira kubadilika, na masharti yake: ukuta wa upande uinuliwe, vipaza sauti marufuku, na nafasi kadhaa za magari zitengwe mbele ya nyumba hata hivyo. Ili kuzipata nafasi hizo tulikata mlimau alioupanda marehemu mke wa Mzee. Kwa huo nao nilimnunia mtu, sijui nani. Nafasi zile Jumamosi zilikaa tupu, majani yakiota kwenye nyufa. Tangazo lenyewe muda wake ulikuwa umekwisha zamani, limepauka, lakini niliapa kwamba halitashuka kwa mkono wangu.

Desemba hiyo ukuta wa sebule ulikuwa umeshavunjwa, na siku ya kumkumbuka mke wa Mzee iliangukia Sabato. Sasa Johannesburg mwezi wa Desemba unaijua: mwenye gari amekwenda Durban, mwenye nauli ya basi amekwenda kwao, mji unabaki mifupa. Walikuja mmoja mmoja kwa miguu, daktari wa meno, kijana wa duka la dawa, ndugu wawili wanaogombana kila wiki. Nikawahesabu kutoka mlango wa jikoni. Pamoja na Mzee, tisa. Wakasubiri. Wakaanza sala zile za kusali hata peke yako. Wakamaliza. Wakasubiri tena. Mzee alikuwa ameshika kitabu, kidole ndani ya ukurasa.

Akaja polepole hadi mlango wa jikoni.

“Wamepungua mmoja,” akasema.

Kumwita mtu si kazi iliyokatazwa. Angeweza kuniagiza wazi. Lakini hapa haikuwa Sabato iliyomfunga kinywa. Macho yake yalikuwa dirishani, ng'ambo ya barabara, kwenye geti jeusi.

Nilijifuta mikono. Sikubonyeza kengele, niliugonga ule mlango wa chuma kwa ngumi mpaka mbwa wakapagawa. Bwana akatoka na kaptura na ndala, uso umevimba kwa ghadhabu.

“Nini tena?”

Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia, nimeyatunza mwaka mzima. Badala yake nikaweka mikono nyuma.

“Wako tisa,” nikasema. “Leo ni siku ya mke wa Mzee.” Halafu nikatazama juu, kama vile ndege imepita.

Alisimama pale. Alikuwa amelelewa katika lugha ile, hakuhitaji tafsiri. Akaingia ndani, nami nikabaki na mbwa, na nikasema moyoni kwamba asipotoka nitaugonga mlango huu hadi jua lizame. Akatoka. Alikuwa amevaa suruali ndefu, na kofia ndogo iliyokunjamana, ya mtoto au ya baba, sikujua.

Alisimama nyuma kabisa, karibu na mlango. Mzee akashika mgongo wa kiti, akainuka, akaisema ile sala yote kwa sauti, bila kutazama kitabu. Mahali pa kuitikia, wengine waliitikia kwa kunong'ona. Sauti moja ilitoka nyuma, nene, safi, imejaa chumba kizima hadi kwenye masufuria yangu. Mzee alisita kidogo, akafumba macho, akaendelea. Nililia waziwazi na sikufuta.

Walipotoka nilikuwa nimeshika geti. Yule bwana alikuwa wa mwisho. Hakunisalimu. Alisimama mbele ya lile tangazo lililopauka, akakunja mikono nyuma, akatazama mawingu.

“Hilo tangazo bado linaning'inia,” akasema.

Nami nikayatazama mawingu.

“Naliona,” nikamjibu, na sikuligusa.